Benchi la Ufundi

3 Februari

Mwanangu Kiberenge,

Hujambo? Habari za siku nyingi, na za huko kwenye udobi? Mimi sijambo, ila goti bado linanung'unika nikipanda ngazi. Daktari amesema mkongojo niuweke kando.

Nimesikia kuwa timu yetu imepanda daraja na mtasaini mikataba! Wasichana niliowaanzishia mpira wa kuazima nyuma ya ghala la saruji, leo mnalipwa kucheza, hata kama ni kidogo na kila mmoja bado ana kazi yake ya mchana. Nimecheka peke yangu kama chizi. Sasa niambie ukweli, usinizungushe: benchi langu la ukocha lipo? Trakisuti nimeshanunua, na majirani wamechoka kunisikiliza.

Ni mimi,
Shangazi yako


27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Mimi mzima. Mchana nafua mashuka ya hoteli, jioni mazoezi, usiku nalala kama gogo. Siku hizi uwanja una nyasi, na yupo mtu wa kutukanda misuli. Yule beki wetu, mpishi wa shule, amepungua mwili ila mdomo ni uleule.

Kuna kocha mpya, kijana mwenye vyeti, mpole sana. Atakusaidia. Usiwe na wasiwasi, nafasi yako ipo. Mechi ya kwanza ni Jumamosi ya mwisho ya Machi. Ila kama goti linasumbua, usijilazimishe.

Mwanao,
Kiberenge


2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini hujambo na kifundo nilichosikia ulikanyagwa kimepoa. Nilifika nyumbani salama. Nakuandikia kwa aibu.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye benchi la ufundi, na majirani zangu wawili nikawapandisha jukwaani waone. Mwamuzi wa akiba akaniomba kitambulisho. Nikamwambia, "Cha nini tena? Mimi ndiye kocha wao." Yule kijana mwenye vyeti akasema, "Samahani, mama huyu simfahamu." Watu wakaangua kicheko. Nikakutafuta kwa macho, nikakuona umeinama unafunga kamba za viatu. Kelele zilikuwa nyingi, najua hukusikia. Basi wakanishika mkono wakanitoa.

Nisamehe kwa kukuaibisha mbele ya wafadhili wenu. Huenda nilielewa vibaya, huenda zamu yangu inaanza baadaye. Niambie tu ni lini.

Shangazi yako


11 Mei

Shikamoo Shangazi,

Sijui kama una hamu ya kusikia hali yangu, kwa hiyo sitaisema.

Nilisikia. Neno kwa neno. Kamba zilikuwa zimeshafungwa. Nilizifungua ili nipate cha kufunga. Walipokwisha kukugeuza, mwamuzi aliniuliza, "Kapteni, huyu ni wenu?" Nikatikisa kichwa kukataa.

Hukuelewa vibaya chochote. Kamati ilikaa Januari ikaamua kwamba asiye na cheti hawezi kuwa kocha, ndivyo kanuni za ligi zinavyotaka. Katibu alitaka kukuandikia barua rasmi yenye mhuri. Nikasimama nikasema, "Niachieni mimi. Ni shangazi yangu, atalipokea vizuri likitoka kwangu." Wakanipigia makofi. Kisha ikaja barua yako yenye habari za trakisuti, na kalamu ikanishinda. Nikaandika uongo, nikajipa moyo kwamba goti litakuzuia kuja. Ndiyo, Shangazi, niliomba goti lako liume.

Naona haya mpaka kukivaa kitambaa cha kapteni. Naomba nije nikupigie magoti. Nikubalie.

Mwanao,
Kiberenge


3 Juni

Shikamoo Shangazi,

Barua yangu ilifika? Jumapili tulishinda, na bao nilifunga mimi. Wenzangu wakanirukia, nikashindwa hata kutabasamu. Nitukane basi, angalau nijue umesoma.

Mwanao


20 Juni

Kiberenge,

Sijambo. Barua zote zilifika. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza yalitoka maneno makali mno, nikachana karatasi.

Habari ya vyeti naielewa, mimi si mtoto. Ungeniambia, ningelia siku moja, halafu ningekata tiketi kama watu wengine nikakushangilie mpaka sauti ikauke. Hilo ndilo uliloninyima. Na lile la goti nimelisoma tena na tena. Kila asubuhi nilikuwa nalinyoosha kwa ajili yenu, nauma shuka kwa maumivu, nawe uko huko unaomba lisipone.

Majirani hawajaniuliza neno mpaka leo. Dukani wananipisha nipite mbele, kama mtu aliyefiwa. Heri wangenicheka. Siku hizi sitoki ila kwa lazima.

Usije kwanza. Sikufukuzi. Ukija sasa nitakukumbatia, maana najijua, sitaweza kufanya kingine, nawe utarudi kwako ukidhani yamekwisha. Hayajaisha, mwanangu.

Shangazi yako