Neno la Kwanza la Kila Nyumba

Kamsamba, 3 Februari 2013

Mke wangu mdogo Tupokigwe,

Nakusalimu kwa wingi wa mbu wa huku. Mimi ni mzima isipokuwa goti, meno na sikio moja, vilivyobaki vinakusubiri. Mke mwenzio Agnes naye mzima. Anasema ukija kunichukua uchukue na nguo zangu chafu.

Mradi wenu wa kurudisha wanyama bondeni umeshika. Wale viboko mliowashusha mtoni kwa lori wanatembea kama wameoa hapa. Usiku wanakula mpunga wetu, mchana wanalala majini kuusaga. Kazi ya utazamaji mliyonipa naifanya. Kila Jumamosi napiga hodi, nauliza kama mlivyonifundisha: "Habari za wiki hii na wanyama?"

Sasa sikia. Ferista alijibu, "Nzuri." Halafu akanipeleka kuona jaruba lake la mpunga, limebaki tope. Kefa naye akasema nzuri, kisha akanieleza kwamba mwanawe haendi tena shule, njia ya mtoni imepata mwenyewe. Watu wamelelewa, mjukuu wangu. Hawamtupii mgeni msiba kabla hajakaa. Niandike lipi?

Na lile handaki la kuwazuia viboko mliloahidi linakuja lini? Goti langu limegoma, siku hizi mke mwenzio ndiye anayekwenda mtoni alfajiri.

Mumeo asiye na meno,
Babu Yonasi

Tunduma, 20 Februari 2013

Mume wangu mzee,

Shikamoo, na bibi shikamoo yake. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi sijambo, nakula vumbi la malori ya mpakani.

Barua yako nilimsomea bosi, akacheka mpaka akakohoa. Lakini babu, hii ni sayansi. Wananchi wenyewe ndio wapimaji, na ili tulinganishe kijiji na kijiji tunachukua neno la kwanza tu. Yanayofuata watu huyatia chumvi. Handaki tunalo la kijiji kimoja, litakwenda kwenye majibu mabaya zaidi. Andika ulichosikia kwanza, usiongeze. Mkataba wangu unakaribia kuisha, usiniharibie.

Mkeo mdogo,
Tupokigwe

Kamsamba, 17 Machi 2013

Mke wangu msomi,

Huku sote wazima, ndivyo barua inavyoanza.

Niliwaita watu nikawaambia: safari hii semeni mbaya kwanza. Wakakubali. Nilipofika kwa Ferista nikauliza. Akafungua mdomo, akaufunga, akasema, "Nzuri, baba, karibu kiti." Nilipomgombeza akaniuliza atasemaje mbaya na mimi nimesimama juani.

Kijiji cha juu wanaye Zahoro, yule mfanyabiashara wa mchele aliyehamia. Ukimsalimia tu anajibu mbaya, hata ukimuulizia mkewe naye yupo hapo. Majirani zake wote amewafundisha. Kule kiboko wamemwona mara moja, kwa mbali, akipita kuja kwetu.

Juzi mke mwenzio alikimbizwa mtoni, akaacha ndoo. Alirudi anacheka, eti kiboko yule amemkimbilia kwa hamu ambayo mimi sijawahi kuwa nayo. Lakini jioni alishindwa kusonga ugali. Hapa sitanii, Tupokigwe. Leteni handaki.

Babu Yonasi

Tunduma, 11 Aprili 2013

Mume wangu,

Shikamoo na hongera. Natumaini wewe na bibi ni wazima kabisa.

Matokeo tumeyasoma mkutanoni siku tatu hizi. Kijiji chenu kimeongoza vyote kwa kuishi vizuri na wanyama. Wageni walipiga makofi. Handaki limekwenda kwa akina Zahoro, maana hali yao inatisha. Ninyi kwa kushinda mtaongezewa viboko, lori linashuka mwezi ujao. Habari ya ndoo ya bibi haikuwa na pa kuiweka. Mkataba wangu umeongezwa.

Nimemnunulia bibi kitenge cha Zambia, dereva Uledi atakuletea pamoja na barua hii. Mwambie akivae siku ya lori, tutapiga picha.

Mkeo mdogo,
Tupokigwe

Kamsamba, 14 Aprili 2013

Tupokigwe,

Uledi ameleta barua na kitenge. Nimepokea mimi.

Jana Jumamosi sikuzunguka. Watu walikuwa wamejaa uani kwangu, nikawauliza hapohapo kwenye mikeka. Wote walisema nzuri. Ikabaki nyumba yangu. Kazi ni kazi, nikajiuliza kwa sauti: "Yonasi, habari za wiki hii na wanyama?" Nikajijibu, "Nzuri." Nimeandika hivyo, bosi wako atafurahi.

Jumatano tulimzika mke mwenzio. Kiboko alimkuta mtoni alfajiri, tukazika tulichokipata. Tulikupigia simu siku mbili, ilikuwa imezimwa. Nadhani ndizo siku mlizokuwa mnapigiwa makofi. Lakini hilo ni neno la pili, najua halihesabiwi.

Sasa huna mke mwenza. Hongera na wewe. Kitenge nitakivaa mimi, msikose picha.

Habari zako? Jibu neno moja tu.

Mumeo,
Yonasi