Naam ya Bwana Han

S.L.P. 318,
Sur, Sharqiyah Kusini, Oman.
Jumatano, 12 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Ghalia,

Salamu nyingi zikufikie hapo Mbweni, wewe na wote waliomo nyumbani. Goti vipi? Usinijibu "alhamdulillahi" tu kama kawaida yako. Nataka kujua kama unapanda ngazi mwenyewe au bado unamtuma mumeo. Sisi huku wazima. Joto limepungua, na presha yangu imetulia, ingawa daktari ananikataza haluwa na mimi simsikilizi.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu wewe unalia, mimi napiga kelele, na mwisho hatusemi kitu. Hamed, mtoto wa jirani, anaruka kesho kuja Unguja. Nimemwambia akukabidhi mkononi. Isome ukiwa umekaa.

Jambo lenyewe ni mwanao Wiam, ninayekaa naye hapa, na ile kazi ya Korea. Unajua wanamtaka akafanye ukalimani Seoul miaka miwili, kwenye ofisi inayoshughulikia biashara baina yao na Oman. Wewe ukamkatalia. Jibu lake linatakiwa Jumapili hii, kwa hiyo nataka kwanza ujue yaliyotokea hapa kwangu Ijumaa.

Alikuja Bwana Han, ambaye ndiye atakayekuwa mkubwa wake wa kazi. Alikuwa Duqm na wenzake kwa mambo ya hidrojeni, ile nishati mpya inayotengenezwa kwa jua na upepo, akaendesha gari saa tano kuja Sur kumwona kaka yetu Khalaf tu. Kasema kwao pia mtoto wa watu hachukuliwi bila ya wazee wake kusalimiwa. Nilipolisikia hilo nikaanza kulegea, lakini sikuonyesha.

Ghalia, mtu yule ana adabu! Viatu kavua bila ya kuambiwa, kikombe cha kahawa kakipokea kwa mikono miwili, kichwa kakiinamisha. Ila hakujua kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe. Basi nikamimina, akanywa, nikamimina, akanywa, mpaka Wiam akamwonea huruma akamwonyesha. Papa mkavu alimmaliza, na achari akaomba tena.

Baada ya chakula kaka Khalaf akajikohoza. Unamjua, tangu astaafu kule kiwanda cha gesi cha Qalhat, kila mtu anamhoji kama mlinzi wa geti. Akamwuliza Wiam kwa Kiswahili, "Ya binti, sema kweli mbele yake. Utakaa huko miaka mingapi?"

Kabla Wiam hajafungua mdomo, Bwana Han akamtazama Khalaf usoni, akaitikia kwa kichwa: "Ne, ne."

"Nne!" Khalaf akaruka. "Si mliniambia miwili? Wallahi huyu anatuchezea!"

Maskini Bwana Han alipoona mzee kakasirika akazidi kuinama: "Ne, ne, ne." Khalaf akahesabu kumi na mbili.

Mimi nilikuwa natafuna mtandio nisicheke. Wiam hakucheka. Akaweka sahani chini, akasema taratibu, "Mjomba, niwie radhi. 'Ne' kwao ni kama 'naam' yetu. Hakukutajia miaka, amekuitikia, kwamba anakusikiliza. Miaka ni miwili, imeandikwa." Kisha akamgeukia mgeni, akamweleza kwa Kikorea kwa sauti ile ile. Hakuna aliyeona haya. Wakacheka wote wawili, Khalaf mpaka kofia ikamdondoka.

Hapo Bwana Han akasema maneno ambayo sitayasahau. Kasema nchi yao haina gesi wala mafuta, na wali aliokuwa akipikiwa na mama yake alipokuwa skuli uliivishwa kwa gesi iliyotoka huku kwetu, basi amekuja pia kushukuru. Khalaf akaiokota kofia yake, akaivaa. Kisha akasema, "Inshallah." Mgeni akanywea, maana aliwahi kuambiwa kwamba inshallah yetu ni hapana ya adabu. Wiam akamweleza tena: kwa mzee huyu, hiyo ni ahadi, yeye kwa upande wake ameridhia.

Nimewapenda watu wale, nakwambia wazi. Wamejiinua kwa mikono na kwa vitabu, na hawamsahau aliyewauzia. Miaka hamsini na zaidi nchi zetu zina uhusiano, na muda wote huo tunakaa nao mezani tukibabaisha Kiingereza, sisi na wao. Gesi haitadumu milele. Haya mambo mapya ya hidrojeni na biashara huru yanataka watu wanaosikilizana. Sisi tulimcheka mtoto na tamthilia zake za Kikorea, kumbe alikuwa akisoma.

Sasa linaloniuma. Mimi ndiye niliyekupigia simu mwezi uliopita nikakutia hofu: baridi, nguruwe, hakuna wa kumwangalia. Ulikataa kwa maneno yangu. Sikuwa namhofia yeye. Tangu mume wangu Taimur alipofariki tumebaki wawili nyumba hii, na niliogopa kurudi kutoka sokoni nikakuta mlango umefungwa na ndani hamna mtu. Nikajificha nyuma ya umama wako. Nisamehe.

Jana kaniletea barua yake ya kukataa nimwangalizie Kiarabu. Haina kosa hata moja. Ameandika kwamba bila ya radhi ya mama yake haendi. Hakulia, na hilo ndilo lililonivunja.

Mpigie kabla ya Jumapili asubuhi. Yeye, si mimi.

Nisalimie mumeo Sleyum, na Basma, mdogo wake Wiam, mwambie shangazi zake wa Ibra wanamwulizia. Kaka Khalaf anakupa mkono. Mola akuponye goti, akutunzie nyumba yako, na huyu mtoto wetu amfungulie milango kila aendako.

Dada yako akupendaye, na safari hii akwambiaye kweli,
Radhia