Pudini ya Nyanya ya Madam

Jumapili, mwisho wa Novemba

Mama,

Eti saa mbili! Madam ameona kwenye simu kwamba pudini ya Krismasi huiva kwa mvuke wa saa mbili tu. Wewe, mpishi wa misheni, uliikalia saa nane nzima ukichochea kuni na kuongeza maji ya moto. Hapa Dubai gesi haikatiki, na bado wana haraka.

Uliniambia kila mtu wa nyumba hukoroga mara moja na kuomba jambo. Leo walikoroga madam, sir na watoto, huku wakijipiga picha. Mimi niliyekata zabibu tangu alfajiri niliambiwa, "Joyce, sogea, unaziba mwanga."

Jioni wageni wakaja. "Ni mapishi ya nyanya yangu," madam akawaambia.

Nyanya yake! Mwaka jana hakujua hata kitambaa cha pudini hufungwaje. Nilimfundisha mimi, kwa maneno yako.

Nikaendelea kupanga sahani. Tangu uzikwe Agosti bila mimi, sijaweza kulitaja jina lako humu ndani bila kulia.

Akaigeuza pudini mbele yao. Ikamwagika sahanini kama uji.

"Yalla, haraka, Joyce, fanya kitu!"

"Labda tumuulize nyanya yako, madam," nikasema kwa upole.

Sijui kesho ataniambia nini.

Mabaki niliyatia kwenye kikombe changu cha chai, nikayakoroga mara moja, nikafunga kitambaa. Bado kinachemka sufuriani, saa ya sita sasa kati ya nane zako. Nimeomba jambo moja tu: huko uliko, unikumbuke.