Gogo la Kuchotea Maji

Mwanaisha mjukuu wangu,

Salamu kutoka Al Nahda, hapa Dubai. Shangazi yako ninayeishi naye hajambo, amepata zamu za mchana. Mimi ni magoti tu.

Nimesikia bomba la kijiji limeharibika na umerudi kuchota mtoni. Wauliza kwa nini nakukataza kusimama mahali pamoja kila siku.

Nilipokuwa msichana hapo hapo mto Tana, palikuwa na gogo zuri la kusimamia. Mama alitukataza kulizoea: leo tuchote huku, kesho kule, na kibuyu tukifunge kwenye ufito mrefu. Tulimwona msumbufu. Alipougua, dada yangu Rehema akawa anachota kwenye gogo lile kila alfajiri. Yaliyotokea siyaandiki. Bibi Rehema unamjua, na mkono wake mmoja.

Mama alisema tu, “Mamba hamfukuzi mtu. Akishajua saa yako na mahali pako, anakungoja tu.”

Nami hapa kila alfajiri nasimama kwenye nguzo ileile, nangoja basi lilelile la kampuni, nikafagie ofisi zilezile. Nimechoka, mjukuu wangu. Namshukuru Mungu kwamba Dubai haina mto.

Bibi yako