Sanduku la Spana la Méthode

Kakese, Mpanda
Jumanne

Kaka Evodi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba nyie wote hapo Kibaoni hamjambo, wifi Kalista na watoto, na mpunga umeanza kubeba. Sisi tunaendelea. Yohani anaota meno, kwa hiyo siku hizi nalala kwa vipande vipande, na uji wa kuuza naukoroga nikisinzia. Baba yake bado yuko mgodini, alipiga simu Jumapili, ni mzima.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu huwa unanikatiza, na hili nataka ulisome mpaka mwisho. Nimempa Maiko, yule kondakta wa basi, akukabidhi mkononi.

Ni habari za fundi Méthode. Tangu uchukue sanduku lake la spana, ukasema hulirudishi mpaka akuambie alikouza pedi zako mpya za breki, hajashika gari hata moja. Anakuja gereji asubuhi, anakaa kwenye tairi karibu na sufuria zangu, anaomba spana kwa huyu na kwa yule, wanamnyima. Madereva wamempa jina, wanamwita Bwana Tusimame. Wanamwambia akatengeneze baiskeli, na hizo azitengeneze zikiwa zimelala chini. Mwenye gereji amesema ikifika Jumamosi hana vifaa, nafasi yake anapewa mtu mwingine. Na huko Katumba ana mke na mtoto mchanga.

Mimi ndiye niliyekutia shaka juu yake, na unajua. Siku ile anakufungia breki nilimtazama tangu anaipandisha Altezza yako kwenye jeki. Alifungua boksi la vifaa, akaziangalia pedi muda mrefu, akanusa vidole. Akaja kuniuliza kama vilifika hivi hivi kutoka Dar. Nikamjibu kwa ukali kwamba vimefika kama vilivyofika, yeye afunge. Basi akaenda nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, akawa anazipiga msasa, anazifuta na petroli, na kila baada ya muda anageuka kuona nani anamwangalia. Nikajiuliza, kitu kipya kinapigwa msasa cha nini?

Halafu zile diski za breki za zamani alizokukabidhi kwenye kiroba, zimelika mpaka zina ukingo kama sahani. Ni mimi niliyekupigia kukwambia sidhani kama zimetoka kwenye gari lako. Nikasema pengine na zile mpya ameshazibadilisha. Nikaongeza kwamba hawa watu wa Katumba, waliokuja kama wakimbizi, hatuwajui vizuri. Nilisema hivyo, kaka, wakati baadhi yao nasali nao jumuiya moja.

Kwa hiyo gari lilipokataa kusimama pale Sitalike, ukaingia nalo kwenye shamba la karanga na binti yako Dorice kiti cha mbele, hukuhitaji kuambiwa zaidi.

Siku lilipoburutwa kurudi hapa, wakati unazunguka na simu ukiwaeleza watu wa nyumbani, Méthode alizifungua zile pedi, akaja kuniomba moto. Akaweka moja juu ya mkaa wangu aone inatoa nini. Ikaanza kutoka jasho, halafu moshi. Tuliinama wote wawili, tukanusa. Akainua macho, akanitazama nikiwa na mtoto mgongoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kwangu mvua huwa haivuji. Nikajifanya namfunga Yohani vizuri. Akaishika ile pedi kwa koleo, akasimama, akawaambia madereva kwamba pengine kosa ni lake, hakukagua vizuri. Ndipo ukabeba sanduku.

Kuanzia hapo nikaanza kumwogopa. Mtu asiye na kosa anajitwisha kosa la nini? Nikaona ananiwekea jambo, kwamba iko siku atakuja nyumbani mume wangu hayupo, aniambie anachotaka. Akinunua uji natazama mikono yake. Akimchekea Yohani nasogea. Jana nilishindwa, nikamuuliza anataka nini kwangu. Akasema anataka spana zake, basi. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakusema. Akajibu kwamba wale wanaume walikuwa na hasira, na mimi nilikuwa na mtoto mgongoni.

Kaka, kilichonuka pale kwenye mkaa ni mawese. Mawese yangu.

Ulipoviacha vile vifaa kwangu wiki tatu ukisubiri nafasi, uliniambia nivitunze kama mtoto. Niliviweka chini ya kitanda. Ile mvua kubwa ikaingia ndani, boksi likalowa, diski zikaanza vidoa vya kutu. Nikaogopa utanisema. Nikazifuta, nikazipaka mafuta kama Mama anavyopaka majembe akiyaweka baada ya msimu, diski na pedi, mbele na nyuma. Kila Jumapili nikishamwogesha Yohani nikarudia. Sikujua kwamba pedi inakunywa mafuta, na breki zikipata moto inayatema. Alichokuwa anakipiga msasa nyuma ya mashine ni kazi ya mikono yangu. Na aliponiuliza, ningesema neno moja tu, asingezifunga. Kosa lake ni kuniamini.

Siku niliyokupigia simu kumsema, sikujua. Lakini tangu harufu ile itoke kwenye jiko langu nimejua, na leo ni siku ya tisa nimenyamaza.

Sasa sikia. Lete sanduku kabla ya Jumamosi. Usimpe Maiko, lete mwenyewe, umkabidhi mbele ya hao hao madereva, na useme ni dada yako. Nitakuwepo. Wakitaka kunicheka wanicheke, wakiacha uji wangu waache. Usinifichie, nimeshafichiwa vya kutosha. Pedi hizo zitupwe. Diski Méthode anasema zikisafishwa vizuri zinafaa, na gari lako bado liko hapa juu ya mawe, mtu mwingine asiliguse akiwepo yeye, kama utakubali.

Kuhusu Dorice, namshukuru Mungu alitoka mzima. Kila nikimfunga Yohani mgongoni namwona yeye kwenye kile kiti. Nikasirikie, una haki, ila sanduku litangulie.

Msalimie wifi, na umwambie Dorice shangazi anamuomba msamaha, atakapokua nitamweleza kwa nini. Mama ukimwona mfikishie shikamoo yangu. Yohani anakusalimu, ameshanivuta kalamu mara mbili.

Ijumaa ikipita hujafika, Jumamosi asubuhi nitawaambia watu mwenyewe. Kusema naweza. Ila spana unazo wewe.

Mdogo wako,
Edina