Nimemwita Mtani Wangu Mwizi kwa Sababu ya Ngao Nyekundu

Mpendwa Shangazi Varanisese, naomba msaada wako, na tafadhali uniwahi, kwa sababu Ijumaa kuna mtu atanipigia simu na sijui nimfungulie kompyuta yangu au nisimfungulie, na tarehe kumi na tisa mume wangu Sakiusa anarudi kutoka Sinai alikokwenda na jeshi kulinda amani, na amesema akishuka tu kwenye ndege kabla hata ya kula atakwenda kumtafuta mtani wangu, ambaye hapa nitamwita Inoke ingawa si jina lake, na aliyemchongea kwa mume wangu ni mimi.

Shangazi, utani wetu unaujua. Inoke ni mtu wa visiwani, mimi ni wa huku kwenye mikoko ya mto Rewa, na wazee walituachia kwamba kilicho chake ni changu na kilicho changu ni chake na kununa hakuna. Mwaka huu peke yake amekula kuku wangu wawili, amevaa viatu vyangu vya kanisani mpaka mjini Suva na kurudi, nami nimemmwagia ndoo ya maji mbele ya mchungaji na kumchukulia mihogo yote aliyokuwa apeleke sokoni. Akinikuta jikoni anafunua sufuria bila hodi, “We kaa wa matope, leo umepika sumu gani?” nami namwambia, “Kula haraka ufe haraka, pweza mkavu wewe, tupate nafasi.” Ndivyo tulivyo tangu utotoni, na Sakiusa alipooana nami alikuta hivyo na akacheka.

Kompyuta iko sebuleni, Sakiusa aliinunua kabla hajaondoka ili tuonane kila Jumapili baada ya ibada, na Inoke naye huja akaingiza kichwa na kumwambia Sakiusa kwamba nimenenepa. Mwezi wa tatu aliishika nikiwa bafuni, akaweka picha ya nguruwe aliyevaa miwani yangu, ikawa ndiyo ya kwanza kuiona kila nikiwasha, na kabla ya jioni barabara nzima ilikuwa imeshaambiwa. Kwa hiyo, Shangazi, Jumanne moja nilipokuwa natafuta nyimbo za kwaya, na ukurasa ukanitaka nipakue kitu kidogo ndipo video icheze, nikapakua, na baada ya hapo ikatokea ngao nyekundu imejaa skrini nzima inasema ONYO, VIRUSI 38 VIMEPATIKANA, mimi sikuogopa hata kidogo. Nilicheka. Nikasema huyu Inoke huyu, safari hii amejitahidi. Nikabonyeza kila kilichobonyezeka ili nione mzaha wake unaishia wapi, nikabonyeza “Ondoa Vyote”, nikabonyeza “Endelea”, na kila ninapobonyeza virusi vinaongezeka, vikafika mia nne na kumi na mbili, nami nacheka tu na kupanga nitamlipizaje.

Siku ya tatu ngao ikaandika kwamba kuna mtu ananitazama kupitia kamera. Hapo kicheko kikaniishia. Nikabandika plasta kwenye kamera, nikakaa kwenye mkeka nikaanza kuhesabu ni nani aliyewahi kukikalia kile kiti, na ni mimi na Inoke, basi. Nikakumbuka anavyoingia bila hodi. Nikakumbuka kuwa ananitembelea zaidi tangu Sakiusa aondoke, ingawa Sakiusa mwenyewe alimwomba anitazame. Kila nilichokuwa nakiona cha kawaida kikabadilika sura, Shangazi, hata namna anavyokohoa.

Chini ya ngao kulikuwa na namba ya simu. Nikapiga. Akapokea mwanamume mwenye sauti ya upole aliyejiita Bwana Martin wa idara ya usalama wa kompyuta, akanisikiliza vizuri kuliko daktari, nikalipa kwa kadi dola themanini na tisa za programu ya ulinzi, na ngao haikuondoka. Nikapiga tena, akaniuliza taratibu, “Mama, je, kuna mwanamume anayefika hapo nyumbani na kuigusa kompyuta hii?” Nikamwambia yupo. Akavuta pumzi akasema, “Nilijua. Mara nyingi ni mtu wa karibu.” Shangazi, na sisi si tunasema kikulacho ki nguoni mwako? Nikamtajia Inoke jina lake lote.

Jumapili iliyofuata, kwenye ukumbi wa kanisa, akina mama wote tumeketi tunakula, Inoke akaja kama kawaida yake akanyoosha mkono akachukua samaki kwenye sahani yangu. Nikasimama. Nikamwita mwizi. Nikamwita mchungulia wanawake ambao waume zao wako mbali. Mwanzoni watu walicheka, wakidhani ni utani, halafu wakauona uso wangu wakaacha kula mmoja mmoja. Akasema, “Umesema nini?” Nikamwambia, “Kompyuta yangu. Unajua ulichofanya.” Akasema, “Mimi sijafanya kitu. Haki ya Mungu, si mimi.” Akarudisha samaki kwenye sahani akatoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu. Jioni yake nikamwambia Sakiusa kwa simu, na nilimwambia kwa uhakika, si kama jambo la kukisia.

Sasa Bwana Martin anataka Ijumaa nimpe nywila zangu zote aingie mwenyewe akiwa huko huko aliko, asafishe, na anasema atanipa na ushahidi wa maandishi juu ya Inoke. Kanionya nisimwambie mtu, hata mume wangu, wasije wakamshtua mhalifu. Hilo la kutomwambia mume wangu ndilo limenikwaruza kidogo. Ushahidi nautaka, kwa sababu nikiwa nao nitakuwa sikukosea. Lakini sasa namshuku kila mtu, namshuku Inoke, namshuku Martin, jirani akinisalimia najiuliza anataka nini, na hata wewe, Shangazi, nimejiuliza kama barua hii unaisoma peke yako. Nifanye nini?

Mwenye Mashaka, Nausori

*

Mwanangu Mwenye Mashaka,

Barua yako nimeiweka mbele ya barua zote, hata ya yule bwana mwenye wake wawili wanaoimba kwaya moja. Na naisoma peke yangu, na mlango nimefunga. Kumbadilisha jina mtani wako ni kazi bure, kwa sababu Nausori kuna wanaume wangapi waliorudisha samaki kwenye sahani ya mtu kanisani?

Nikuambie kwanza unachokitaka. Si Inoke. Nimelijua hilo bila kuiona kompyuta yako, na wewe ungelijua kabla yangu kama usingekuwa umekaa kwenye mkeka unahesabu kukohoa kwa watu. Jiulize, mtani gani anayekana? Nguruwe mwenye miwani alipowekwa, barabara nzima iliambiwa kabla ya jioni. Kuku wako walipoliwa, bila shaka alikuja kukuelezea walivyokuwa watamu. Mtani hufanya mchana kweupe na kisha hujisifu, maana asipojisifu amepata faida gani? Huyu mtu maisha yake yote hajawahi kukana alichokufanyia. Siku ya kwanza anakwambia “si mimi”, tena kwa kumtaja Mungu, wewe ndiyo siku unayokataa kumsadiki.

Na yule wa sauti ya upole, ambaye hujawahi kuuona hata ukucha wake, ulimwamini kwa simu mbili.

Ngao hiyo ndiyo virusi vyenyewe. Uliipakua kwa mkono wako siku ya nyimbo za kwaya, ulipoambiwa video haichezi mpaka uchukue kitu kidogo. Hakuna virusi 38 wala mia nne na kumi na mbili. Ni namba za kuchorwa, zinaongezeka ili moyo wako uende mbio na kadi itoke. Kamera nayo ilitajwa kwa sababu wanajua hakuna anayetulia akisikia anatazamwa. Wao ni kama mwizi aliyevaa sare za askari, anakugongea akuambie una mwizi ndani. Programu ya kweli ya kuzuia virusi haikupi namba ya simu, haikupigii kelele skrini nzima, wala haikuulizi ni mwanamume gani anayefika kwako. Hilo swali la Martin limeniudhi kuliko yote. Hakujua kitu. Alitupa ndoana, na wewe ukamwekea chambo mwenyewe, ukampa na jina.

Sikulaumu kwa kucheka. Mtu wa kwingine angeshtuka siku ya kwanza akaizima. Wewe umelelewa kwamba likikufika la kukuudhi, basi kuna mtani nyuma ya mlango, cheka. Desturi nzuri, nami nimekulia humo. Ila haijui kusoma skrini. Ninakulaumu kwa jingine: mashaka yalipokujia uliyaelekeza kwa anayeonekana, ukamwachia asiyeonekana. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa kabisa, lakini nguo hiyo uliivaa Jumanne ulipopakua, na Inoke hakuwepo.

Sasa simama ufanye kazi. Chomoa waya wa mtandao, au zima kile kisanduku cha mtandao kabisa. Ndani ya dirisha la ngao usibonyeze chochote tena, hata alama ya kufungia, maana nayo ni yao. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie mpaka mashine ife. Usiiwashe. Kisha piga simu benki leo, si kesho, kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako na si namba uliyoiokota mtandaoni, uwaambie umelipa matapeli, waifunge kadi na kukupa nyingine. Dola themanini na tisa huenda zikarudi, huenda zisirudi. Zilizobaki ndizo za kulinda.

Kwenye simu ya ndugu unayemwamini, badilisha nywila zako, ukianza na ya barua pepe kwa sababu hiyo ndiyo inayofungulia nyingine zote. Ijumaa Martin akipiga, usipokee. Usijaribu kumtega, usimtukane, usitake kujua ana ushahidi gani, hana. Zuia namba yake, na upeleke taarifa polisi hata kama unaona aibu.

Mashine ipeleke kwa fundi, uende nayo mwenyewe, umweleze yote pamoja na yale ya kucheka. Ataiwasha ikiwa na vitu vya lazima tu, ataitoa hiyo takataka, halafu ataikagua kwa programu halali aliyoileta kwenye flashi kutoka kompyuta safi. Akisema haitoki, mwambie anakili picha zako kwanza, kisha afute kila kitu na kuanza upya. Na tangu leo, ukurasa ukikuambia pakua ndipo uone, funga, kaimbe bila video. Plasta kwenye kamera iache, haina ubaya.

Hayo yalikuwa mepesi. Sakiusa umpigie leo hii kabla jua halijazama kwake. Usimzungushe. Mwambie, “Nilikosea, Inoke hana hatia, niliongozwa na tapeli.” Atakukasirikia. Mwache akukasirikie wewe huko Sinai, kuliko ashuke uwanja wa ndege na ngumi za mtu asiye na hatia mfukoni. Ukisubiri arudi ndipo umweleze, atakuwa ameshamfikia, na damu ikishamwagika kati ya watani, wajukuu zako ndio watakaoambiwa mlango ule hatuingii.

Kwa Inoke usitume ujumbe wa simu. Ulichomfanyia si utani tena, umemvua heshima, na hilo kwetu linazikwa kwa utaratibu wake. Mchukue mjomba wako akusemee, chukueni fungu la mizizi ya kava ya kinywaji cha heshima, na jino la nyangumi likipatikana kwenye ukoo lipelekeni pia, mkaketi chini nyumbani kwake mkaombe radhi. Wewe nyamaza, mjomba ndiye aseme. Na kwa kuwa ulimtukana ukumbini, Jumapili simama kwenye ukumbi ule ule, mbele ya wale wale akina mama, ulifute kwa mdomo wako. Usilie ili wakuonee huruma. Sema alikuwa mkweli nawe hukumsikiliza, kisha kaa.

Utauliza utajuaje kama amekusamehe. Nitakuambia cha kuangalia. Akiipokea kava yenu kwa adabu, akakushukuru kwa kufika, akakusindikiza mpaka barabarani akikuita mama, basi lia huko njiani, maana umempoteza. Lakini kabla mjomba wako hajamaliza maneno yake, Inoke akimkatiza na kuuliza yule kaa wa matope aliyejificha nyuma yako ameleta mizizi myembamba hivi kwa nini, ni ubahili au ni ujinga, wewe mjibu hapo hapo. Mtukane vizuri.