Mafaili ya Mbuzi wa Vingunguti

Jumamosi, Tabata

Na mie nilijiona nadhifu kweli! Dada Neema anatafiti vinasaba vya mbuzi wa machinjio ya Vingunguti. Leo aliniachia kompyuta yake nipange mafaili kabla hajayapakia mtandaoni. Mwalimu wake wa chuo aliyataka yafike kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Kila mbuzi alikuwa na mafaili mawili, majina karibu sawa, ukubwa karibu sawa. Nikadhani ni nakala. Nikafuta moja kwa kila mbuzi, huku najisifu moyoni.

Dada akarudi kutoka Buguruni na mananasi. "Mbona yamebaki nusu?"

"Nimefuta yaliyojirudia."

"Wee Upendo! Kila kipande cha kinasaba kinasomwa kutoka pande mbili. Faili moja bila mwenzake ni ndala ya mguu mmoja!"

Miezi yake yote ya kazi...

Kisha nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba pipa la taka la kompyuta, yanakokaa mafaili yaliyofutwa, sijalimwaga. Mie naogopaga kutupa kitu kabisa. Hata madaftari ya darasa la tano ninayo.

Yote yakarudi. Saa kumi na moja na nusu yalikuwa yamefika.

"Uoga wako umeniokoa," dada akacheka, akinimenyea nanasi. "Ila siku nyingine uliza kwanza, mdogo wangu."

Kuuliza ndiyo shida yangu, hata darasani. Lakini nimeshaandika kikaratasi: kwa nini pande mbili, moja haitoshi? Kesho nikishindwa kumuuliza dada kwa mdomo, nitamsomea.